Ngozi moja au kazi ya miaka kumi? Somo la maandamano ya wenye punda

WAKULIMA wengi wa Mbulu na Hanang hawamhesabu punda wanapotaja mali zao. Watataja ng'ombe, mbuzi, kondoo, mahindi na ngano. Punda hutajwa mwisho, au husahaulika kabisa. Lakini ndiye anayetoa mahindi shambani, anayepanda na kushuka milima kwenda mashineni, na anayebeba maji wakati wa kiangazi, visima vya karibu vinapokauka.

Mnyama huyu asiyehesabiwa ndiye aliyewafanya wakulima wa nchi jirani ya Kenya waingie barabarani kuandamana. Kisa hicho kina funzo kubwa kwa mfugaji wa Katesh, Basotu, Dongobesh au Haydom.

Maandamano ya kutetea wanyama si jambo geni duniani. Nchini Uingereza mwaka 1995, mamia ya watu walikaa barabarani katika bandari za Shoreham na Brightlingsea kuzuia malori yaliyobeba kondoo na ndama hai waliokuwa wakipelekwa kuuzwa Ulaya. Wapo pia wanaharakati waliovunja maabara na kuachia wanyama, na baadhi yao waliishia gerezani. Biashara ile ya mifugo hai ya kuchinja na kunenepesha ilikuja kupigwa marufuku kwa sheria mwaka 2024, takriban miaka 30 baadaye.

Walioandamana kule wengi hawakuwa wafugaji. Walidai kwamba mnyama ana haki yake mwenyewe, hata kama hana faida kwa mtu. Afrika Mashariki mambo yalikuwa tofauti, kwani waliosimama mstari wa mbele ni wenye punda wenyewe, waliokuwa wakitetea mkate wao.

Soko la ngozi

Chanzo ni ejiao, dawa ya asili ya Kichina inayotengenezwa kwa kuchemsha ngozi ya punda. Mwaka 1992 China ilikuwa na punda wapatao milioni 11, lakini kufikia mwaka 2019 walikuwa wamebaki chini ya milioni 3. Wanunuzi wakageukia Afrika.

Nchini Kenya machinjio ya kwanza ya kuuza nje yalianza kazi mwaka 2016, na baadaye yakafika manne: Mogotio, Naivasha, Lodwar na Machakos. Tanzania nayo ilikuwa na machinjio Dodoma na Shinyanga.

Bei ilipanda, na mwanzoni wauzaji walifurahi. Kisha wizi ukaanza. Watu waliamka asubuhi wakakuta zizi tupu, na mzoga uliochunwa ngozi ukiwa umetupwa porini. Sensa za Kenya zinaonyesha punda walipungua kutoka takriban milioni 1.8 mwaka 2009 hadi milioni 1.2 mwaka 2019.

Februari 2020 wenye punda waliandamana jijini Nairobi wakidai machinjio yafungwe. Mwezi huohuo Waziri wa Kilimo wa wakati huo, Peter Munya, alitangaza kupiga marufuku uchinjaji wa punda kibiashara. Hata hivyo, Mei 2021 Mahakama Kuu ilitengua katazo hilo kufuatia kesi iliyofunguliwa na wenye machinjio ya Naivasha. Ni dhahiri kwamba maandamano hufungua mlango, lakini bila sheria iliyotungwa vizuri mlango huo unaweza kufungwa tena.

Kwa upande wetu, Serikali ilitangaza katazo mwaka 2017, lakini uchinjaji haukukoma, ikabidi katazo litolewe tena Desemba 2021. Mwaka uliofuata Dar es Salaam iliandaa mkutano wa Afrika kuhusu punda, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, wakiwa Addis Ababa, walikubaliana kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote.

Tufanye hesabu

Hoja ya upande wa pili haipaswi kupuuzwa. Machinjio yaliajiri watu, na mwenye punda mzee alipata mnunuzi. Lakini hebu tupige hesabu kwa mfano, kisha msomaji aweke bei za kijijini kwake.

Tuseme punda anauzwa sh. 250,000. Punda huyohuyo akibeba maji au mizigo ya sh. 2,000 kwa siku, siku nne kwa wiki, kwa wiki 40, anaingiza sh. 320,000 kwa mwaka. Tukitoa sh. 120,000 za matunzo, zinabaki sh. 200,000. Akifanya kazi miaka kumi, ni sh. milioni mbili. Aliyeuza ngozi amepata robo milioni mara moja tu, na gunia lake la mahindi bado liko shambani likisubiri mbebaji.

Aidha, punda hazaliani kama mbuzi. Mbuzi hubeba mimba miezi mitano na ng'ombe miezi tisa, lakini punda hubeba kwa takriban mwaka mzima na kwa kawaida huzaa mtoto mmoja. Soko linaweza kumaliza punda wa kijiji kwa msimu mmoja, na kuwarudisha kukachukua miaka mingi. Mzigo ule huhamia mgongoni mwa mama na watoto.

La kufanya

Kwanza, msisubiri wizi uanze. Wekeni alama punda wenu, na orodha ya kila kaya ikae kwenye ofisi ya kijiji. Tuna Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo ya mwaka 2010, na haihusu ng'ombe peke yake.

Pili, mnadani mnunuzi aonyeshe kibali cha kusafirisha mifugo. Anayekusanya punda wengi usiku bila karatasi aripotiwe kwa ofisa mifugo na polisi. Kumpiga au kuchoma gari lake kutawafanya ninyi kuwa washtakiwa.

Tatu, wenye punda waungane. Mtu mmoja akilalamika husahaulika, lakini kikundi chenye daftari na viongozi husikilizwa na diwani, halmashauri na hata mahakama.

Mwisho, anayemtetea punda asimtese. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumpiga mnyama kikatili na kumbebesha kupita uwezo wake. Mzigo wa mgongoni usizidi theluthi ya uzito wake, yaani takriban kilo 50 kwa punda wa kilo 150. Wekeni soji laini, tibuni vidonda, na mpeni maji kabla ya safari. Punda mwenye vidonda hafikishi miaka kumi ya kazi, na hapo hesabu yetu yote ya milioni mbili inakuwa bure.