Jua la saa sita si la kubebea muhogo

Mwisho wa Septemba kule Zongwe kila mtu anaangalia mawingu. Mvua haijatulia, na mashamba yanangoja. Ndiyo majira ya joto kali, na ndiyo majira ya kazi na safari nyingi.

Kalemie iko karibu digrii 6 kusini mwa ikweta. Mwanzoni mwa Oktoba jua la saa sita linapita juu ya kichwa kabisa, kivuli kinabaki miguuni. Mama mwenye muhogo kichwani na mtoto mgongoni, au kijana anayesukuma kinga yenye magunia ya makala, anapata joto mara mbili: la jua na la kazi yenyewe. Jasho linatoa maji na chumvi mwilini. Kichwa kinauma, kizunguzungu kinakuja, misuli inakaza.

Mara nyingi si yeye aliyechagua ile saa. Mizani ya ushirika ikifunguliwa saa nne, aliye nyuma kwenye mstari atarudi nyumbani saa saba, jua likiwa kali bado. Kungoja kesho nako ni hasara: muhogo mbichi unaanza kuharibika siku mbili tatu baada ya kung'olewa.

Tusiseme basi watu watoke usiku. Njia ya giza ina hatari zake, na asubuhi mama ana maji ya kuchota na watoto wa kulisha. Afadhali mizani ndiyo itembee. Mpimaji mmoja na kinga yake afike kijiji hiki Jumatatu, kile Jumatano, aanze saa kumi na mbili na nusu, amalize kabla ya saa nne. Mikutano nayo iwe asubuhi, chini ya mti.

Sombe na lengalenga vichumwe alfajiri, vifunikwe gunia lenye maji.

Njiani, kunywa kidogo kidogo kabla ya kiu. Aliyeishiwa nguvu, mlaze kivulini, mpe maji safi: lita moja, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Lakini akianza kuongea ovyo au kuzimia, msimnyweshe kitu. Mmwagieni maji mwili mzima, mumpepee, mumpeleke kituo cha afya mbio.

Katika mkutano wenu ujao, wekeni jambo moja mbele ya mengine: saa za mizani. Waulizeni kwanza wanaobeba.