Nyungu haifanyi kazi ya barakoa

Wiki hii nimeulizwa tena, na aliyeuliza alikuwa anakohoa: "Daktari, asubuhi nimejifukiza, sasa barakoa ya nini?" Nalisikia swali hili Nyabibuye, nalisikia Kibondo mjini, nalisikia Kasulu, kila mafua yanaposhika kasi. Nimechoka kulijibu mtu mmoja mmoja.

Hoja inayorudiwa tangu UVIKO-19 ulipoingia nchini mwaka 2020 ni kwamba kirusi kina ganda la mafuta, maji huchemka kwa nyuzi joto 100, hivyo mvuke utaliyeyusha ganda na kirusi kitakufa. Ganda la mafuta lipo kweli; ndiyo maana sabuni hukimaliza mikononi. Lakini kikishaingia mwilini hakikai juu ya utando wa pua kikingoja mvuke. Kinapenya ndani ya seli na kuzaliana humo, na mgonjwa akipata nimonia jua kimeshafika mapafuni. Katika maabara, kirusi cha korona hukaa kwenye nyuzi 56 kwa karibu nusu saa ndipo kife. Maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi ya mtu mzima kwa sekunde tano hivi. Kwa hiyo mvuke unaovumilika hauui kirusi, na ule wa kukiua utaanza na pua yako. Majani ya mkaratusi na mchaichai yana harufu inayoifanya pua ihisi imefunguka, na nafuu hiyo ya muda siibezi. Ila mwenye nafuu hiyo bado anaambukiza.

Kinachonikera kuliko vyote ni blanketi. Mtoto mmoja anakohoa, basi anafunikwa pamoja na ndugu zake juu ya sufuria moja. Humo hewa haiingii wala haitoki. Kila mmoja anavuta pumzi ya mwenzake. Sijui njia ya haraka zaidi ya kugawa mafua nyumba nzima. Sufuria ikipinduka, tunapokea watoto wenye majeraha ya moto. Mwaka huohuo wa 2020 madaktari wa Birmingham, Uingereza, waliandika katika jarida la The Lancet kuhusu kuongezeka kwa watoto walioungua kwa kujifukiza.

Na hata nyungu ingekuwa dawa, ingemhusu aliyejifukiza tu. Barakoa humkinga pia anayekaa mbele ya aliyeivaa. Msiniambie kitambaa kina matundu makubwa kuliko kirusi: kirusi hakitoki mdomoni peke yake, hutoka ndani ya matone na chembe za ute tunapokohoa, kuongea na kuimba kwaya, na nyingi kati ya hizo hunaswa na nyuzi za barakoa. Huko Bangladesh watafiti walifuatilia watu wazima zaidi ya 340,000 katika vijiji 600. Palipogawiwa barakoa za hospitali na watu kuhimizwa, waliozivaa sawasawa walipanda kutoka asilimia 13 hadi 42 tu, na bado wagonjwa wa UVIKO-19 wenye dalili waliothibitishwa kwa damu walipungua kwa takriban asilimia 11. Kwa wenye zaidi ya miaka 60, asilimia 35. Barakoa haizuii kila kitu, lakini bibi na babu zetu wanahitaji hiyo 35.

Basi fanyeni hivi. Anayekohoa avae kwanza, na anayemuuguza avae pia. Vaa zahanati na ndani ya gari lililojaa. Ifunike pua, ya kidevuni haina kazi. Ikilowa, badilisha. Ya kitambaa ifuliwe kwa sabuni kila siku, ya hospitali itupwe. Mtoto chini ya miaka miwili asivalishwe. Fungueni madirisha hata kwenye baridi yetu hii ya milimani. Anayetaka kujifukiza ajifukize peke yake, watoto wakiwa mbali.

Mtoto anayepumua haraka huku kifua kikibonyea, au mtu mzima anayeshindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, msimchemshie majani. Mpelekeni kituo cha afya saa hiyohiyo.