Wadi Kunukia Jiki Si Ushahidi wa Usafi

Mkazi wa Sinyerere au Motosiet anapolazwa katika Hospitali ya Kaunti Ndogo ya Kachibora, kitanda anachopewa huenda kilikuwa na mgonjwa mwingine asubuhi hiyo. Shuka hubadilishwa. Lakini je, vyuma vya kitanda, kabati la kando na stendi ya dripu navyo vimesafishwa? Na nani amethibitisha?

Swali hilo lina uzito. Mwaka wa 2022, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilieleza kuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, takriban wagonjwa 15 kati ya kila 100 wanaolazwa hupata angalau ambukizo moja wakiwa hospitalini. Katika nchi tajiri ni 7. Baadhi ya bakteria huishi kwenye sehemu kavu kwa wiki kadhaa, hata miezi, kisha husafiri kwa mikono ya wahudumu, wagonjwa na wageni. Walio hatarini zaidi ni watoto wachanga, akina mama waliojifungua na waliofanyiwa upasuaji.

Usafi hukaguliwaje?

Njia ya kwanza ni kutazama kwa kutumia orodha. Msimamizi hupitia chumba akiweka alama: sakafu, choo, sinki, godoro. Njia hii haina gharama kubwa, ila jicho halioni viini, na sakafu iliyopigwa deki ikang'aa inaweza kumdanganya mkaguzi.

Ya pili ni kumtazama mhudumu wa usafi akiwa kazini. Je, anaanza sehemu safi akimalizia chafu, na juu kwenda chini? Je, anabadilisha tambara kabla ya kwenda kitanda kingine? Je, anatanguliza sabuni na maji? Jiki ikimwagwa juu ya uchafu hupoteza nguvu, hata kama harufu yake inajaa wadi nzima.

Ya tatu ni jeli isiyoonekana kwa macho. Mkaguzi huipaka kimyakimya kwenye sehemu zinazoguswa sana, kama vile kishikio cha mlango, swichi ya taa, mfereji na vyuma vya kitanda. Baada ya usafi, humulika kwa tochi ya mwanga wa zambarau, mfano wa ile inayotumiwa kutambua noti bandia. Alama ikiwa bado ipo, basi tambara halikupita hapo.

Ya nne ni vipimo. Kipo kifaa kinachosoma mabaki ya uchafu wa viumbe kwa muda mfupi, na pia maabara inaweza kuotesha bakteria kutoka kwenye sampuli. Hivi hugharimu zaidi, na matokeo ya maabara huchukua siku kadhaa.

Ukaguzi huleta mabadiliko

Katika utafiti uliofanywa kwenye hospitali 11 za Australia na kuchapishwa mwaka wa 2019, alama za jeli zilionyesha kuwa asilimia 64 tu ya sehemu zinazoguswa sana katika vyumba vya wagonjwa zilikuwa zikisafishwa. Baada ya wahudumu kupewa mafunzo na kuonyeshwa matokeo yao mara kwa mara, kiwango kilifika asilimia 86. Nchini Tanzania, hospitali tatu nazo zimeshiriki jaribio la kuwafunza wahudumu wa usafi, na matokeo yake yakachapishwa mwaka wa 2021.

Kwa hivyo, ukaguzi haukusudiwi kumnasa mhudumu ili aadhibiwe. Alama iliyobaki huenda ikaonyesha kuwa matambara hayatoshi, maji yamekatika, au hakuna aliyeambiwa kuwa stendi ya dripu ni kazi yake na si ya muuguzi.

Nafasi ya mwananchi

Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachowezekana, pamoja na viwango vya kuridhisha vya usafi. Ukilazwa, au ukimtembelea mgonjwa:

- Tazama vyuma vya kitanda na kabati, si sakafu pekee.
- Ukiona damu au uchafu, usiuguse. Mwite muuguzi.
- Nawa mikono unapoingia na unapotoka wadini.
- Jambo lisiporekebishwa, mweleze muuguzi msimamizi wa wadi, kisha usimamizi wa hospitali.