Utangulizi: Sumaku Iliyojificha Ndani ya Shaba

Mwambie fundi umeme kwamba shaba inaweza kukataa kupitisha umeme, atakucheka. Uwanja ninaokukaribisha unaanzia hapo hapo. Shaba ikiungana na lanthani na oksijeni hutoa fuwele ya tabaka juu ya tabaka ambayo, kwa nadharia ya kawaida ya metali, ingepaswa kupitisha umeme vizuri. Haipitishi.

Chanzo ni elektroni kukimbiana. Chukua bao ambalo kila shimo lina kete moja, na sheria imekataza kete mbili kulala shimo moja: nani atasogea? Kila kete hapa ni elektroni yenye spini, yaani usumaku wake mdogo, na majirani huelekea kinyume, huyu juu, yule chini. Zinafutana, kwa hiyo fuwele haivuti hata sindano. Sumaku imo, imejificha. Aliyeifichua ni nyutroni: haina chaji, ina spini yake, hupenya ndani na kutoka na habari.

Sasa weka stronti mahali pa baadhi ya lanthani, na kete zinapungua. Zikitoka 2 hivi kwa kila atomu 100 za shaba, mpangilio wa spini huvunjika. Zikitoka kama 16, fuwele ikipozwa chini ya kelvini 38 hivi, umeme hupita bila ukinzani wowote. Georg Bednorz na Alex Müller waliona jambo hili mwaka 1986 katika maabara ya IBM karibu na Zürich, wao wakitumia bari. Mwaka 1987 wakapewa Tuzo ya Nobel, haraka ambayo kamati ile haijulikani nayo.

Lakini mpangilio kuvunjika si spini kufa. Mwaka 1991 kundi la Jean Rossat-Mignod, Ufaransa, lilipiga nyutroni kwenye fuwele ya shaba na yitri, likaona mtikisiko wa spini ukijitokeza wazi kwenye nishati ya milielektronivolti 41 hivi, pale ukinzani unapotoweka. Je, kilichozifunga elektroni ndicho kinachoziunganisha mbili mbili ili zipite bila ukinzani? Mimi naelekea kusema ndiyo. Wapo wenzangu wanaotikisa kichwa, nao wana hoja.

Sura ya kwanza inahusu fuwele isiyo na stronti, ile isiyopitisha kitu. Wanafunzi wengi huiruka, kisha hurudi kuisoma wakifika sura ya nne.