Mfuko Mmoja, Kutoka Mbegu Hadi Kidonda

Daktari anashika kalamu ya wino na kuchora umbo la kidonda juu ya mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani. Kisha anakata kwa mkasi, plastiki na kilichomo kwa pamoja, kama fundi cherehani anayefuata chaki kwenye kitambaa. Ndani ya mfuko mna kipande cha ngozi ya ndani kilichooteshwa kiwandani, sentimita 5 kwa 7.5. Kinaitwa Dermagraft. Mgonjwa ana kisukari, na kidonda cha mguuni kimegoma kupona.

Huo mfuko ndio ulionivuta kuandika. Advanced Tissue Sciences, kampuni ya La Jolla, California, haikuuchukulia kama kifungashio tu. Humo ndimo zilimopandwa seli zilizotokana na govi la mtoto mchanga aliyetahiriwa, juu ya wavu wa nyuzi za aina ileile ambayo madaktari hushonea na ambayo huyeyuka mwilini. Humo zililishwa mpaka zikajaza wavu, zikagandishwa kwa nyuzi 75 chini ya sifuri, zikasafirishwa, na mwisho zikayeyushwa na kusuuzwa kando ya mgonjwa. Mfugaji hatashangaa: maziwa hugandia kibuyuni na humiminwa kutoka kibuyu hichohicho. Ila kibuyu hufukizwa moshi na kutiwa maziwa mengine, ilhali mfuko huu ukishakatwa hutupwa.

Kwa nini kujisumbua hivyo? Mkasi wa daktari hupikwa kwa mvuke. Bomba la sindano hupigwa mionzi likiwa tayari kwenye pakiti yake. Tishu hai haivumilii lolote kati ya hayo, maana kinachoua bakteria kitaua na seli. Kuchuja nako hakufai, kwa sababu seli ni kubwa kuliko bakteria, na kichujio kitaanza kwa kuzinasa zenyewe. Usafi wa kitu kama hiki hauongezwi mwishoni. Ama ulikuwapo tangu siku ya kupanda, ama haupo. Kila mfuniko unaofunguliwa katikati ya safari ni mlango ulioachwa wazi.

Waliotangulia walifungua mifuniko mingi. Mwaka 1975 Howard Green na James Rheinwald walieleza jinsi ya kuotesha seli za ngozi ya binadamu nje ya mwili, na mwaka 1983, mjini Boston, watoto wawili waliokuwa wameungua karibu mwili mzima walifunikwa kwa shuka za ngozi zilizokuzwa kutokana na ngozi yao wenyewe. Ilikuwa kazi ya mikono, chupa baada ya chupa. Ufundi huo ndio uliozaa ngozi iitwayo Epicel, ambayo ikitoka kiwandani ina saa 24 tu za kutumika. Kipimo cha kawaida cha kuthibitisha kwamba hakuna vijidudu huchukua siku 14. Piga hesabu mwenyewe: ngozi iko mgongoni mwa mgonjwa zamani, majibu kamili hayajarudi. Mfuko uliogandishwa uliondoa kiherehere hicho, kwani unaweza kukaa kwenye friza mpaka maabara iseme.

Kwenye karatasi, basi, mpango ulikuwa umekamilika. Septemba 2001 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliiruhusu Dermagraft kwa vidonda vya miguu vya wenye kisukari. Oktoba 2002 kampuni iliyoitengeneza ikakimbilia mahakamani kuomba ulinzi dhidi ya wadai. Mwezi mmoja kabla, Organogenesis ya Massachusetts, yenye ngozi iitwayo Apligraf, ilikuwa imefanya vivyo hivyo. Kampuni mbili zilizofaulu mtihani mgumu kuliko yote zilianguka katika msimu mmoja. Kiwanda cha aina hii kinakula fedha uuze vipande kumi au elfu kumi: hewa lazima ichujwe, wataalamu walipwe, vipimo vifanywe. Bima hazikuwa na haraka ya kulipa.

Kilichofuata kinachosha hata kukisimulia. Smith & Nephew waliichukua Dermagraft, wakaiacha mwaka 2005. Advanced BioHealing wakaifufua, Shire wakainunua kampuni hiyo mwaka 2011 kwa dola milioni 750, na mwaka 2014 bidhaa ikaishia mikononi mwa Organogenesis, mpinzani wake wa zamani. Mwaka 2017 Shire walikubali kulipa dola milioni 350 kumaliza madai kwamba madaktari na kliniki walikuwa wakihongwa ili waitumie. Bakteria hawakuhusika popote katika orodha hiyo.

Wazo la mfuko lilihamia Durham, North Carolina, ambako Humacyte, kampuni iliyoanzishwa na Laura Niklason, inaotesha mishipa ya damu yenye upana wa milimita 6. Mshipa hukua mfukoni, kisha seli zote huoshwa humohumo na kubaki gamba lisilo na dalili za mwenye seli, ili mwili wa mgonjwa usilikatae. Halihitaji friza, jokofu linatosha, hadi miezi 18. Madaktari wa Ukraine walianza kuitumia mwaka 2022 kwa viungo vilivyopasuliwa na mabomu. FDA ilivuka tarehe yake ya mwisho ya kuamua, Agosti 2024, bila kujibu, ikaruhusu Desemba mwaka huo, na kuambatanisha onyo zito kwamba mshipa unaweza kupasuka.

Kati ya haya yote kuna jambo dogo ambalo wapangaji hulisahau. Anayetegemea mfuko wa kutupwa anamtegemea pia muuza mifuko. Mwaka 2021 watengenezaji wa chanjo za Uviko duniani kote walikuwa wakiigombania mifuko ya kukuzia seli, na wengine wakakaa foleni kwa miezi.

Bei iliyotangazwa ya mshipa wa Humacyte ilikuwa dola 29,500 kwa mmoja. Daktari wa dharura anayeutaka hawezi kuuchukua tu kwa sababu FDA imekubali. Hospitali nyingi za Marekani zina kamati inayopima kama kifaa kipya kinastahili gharama yake. Hukutana kwa ratiba yake, huomba takwimu, huahirisha. Wauzaji wamekuwa wakibisha hodi hospitali moja baada ya nyingine, huku mifuko ikisubiri kwenye jokofu, na ile miezi 18 ikihesabika.