Historia ya Familia: Pa Kuanzia, Pa Kutafuta na Jinsi ya Kuomba Msaada

Familia nyingi katika Kaunti ya Taita Taveta hugundua kwamba hazijui historia yake siku ile inapohitajika. Shamba bado liko kwa jina la babu aliyefariki miaka 40 iliyopita, na chifu anauliza: watoto wake walikuwa wangapi? Nyanya hana cheti cha kuzaliwa. Ndugu aliyekwenda Mombasa kutafuta kazi hakurudi, na sasa watu wasiojulikana wanasema wao ni watoto wake. Maswali kama haya hayajibiwi kwa siku moja, lakini mengi yana majibu. Makala haya yanaeleza mkazi aanzie wapi, kumbukumbu zipi zipo, na aombe msaada kwa namna gani ili asaidike.

Kwa nini jambo hili lina uzito

Chini ya Sheria ya Mirathi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, anayeomba kusimamia mali ya marehemu hutakiwa kuwataja warithi wote. Barua ya chifu huorodhesha watoto wa kiume na wa kike, walioolewa na wasioolewa, pamoja na wajane. Ombi hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na mwenye pingamizi hupewa siku 30. Ikibainika baadaye kwamba mrithi alifichwa, mahakama inaweza kubatilisha hati ya usimamizi hata kama shamba limekwisha kugawanywa.

Si kila mrithi anayeachwa nje huachwa kwa hila. Wengine husahaulika kwa sababu hakuna aliyejua kwamba wapo. Familia inayoijua nasaba yake hujiepusha na kesi za miaka mingi, na ndugu hubaki ndugu.

Anza na walio hai

Hatua ya kwanza haihitaji ofisi wala ada. Ni kukaa na wazee wa pande zote mbili, kuumeni na kukeni, na kuandika. Mzee aulizwe majina yote ya mtu: la utotoni, la ubatizo au la Kiislamu, la utani na lile alilotumia kazini. Majina mengi ya Kitaita yanayoanza na "Mwa-" humhusisha mtu na mzazi au babu, na watoto hupewa majina ya wazee waliotangulia. Kwa hiyo jina moja huweza kurudi kila baada ya kizazi, na watu wawili wakachanganywa kuwa mmoja. Ni vyema kuuliza pia kichuku cha mtu, kijiji alikozaliwa na mahali alikozikwa. Kwa familia za zamani, wazee bado wanajua ni pango lipi lililohifadhi mafuvu ya watu wao. Mahali hapo paheshimiwe. Pasiingiwe wala kupigwa picha bila ruhusa ya wenyewe.

Wazee wengi hawajui tarehe, lakini wanakumbuka matukio. Badala ya kuuliza "ulizaliwa mwaka gani?", ni bora kuuliza "ulikuwa mkubwa kiasi gani wakati fulani?" Matukio yafuatayo husaidia:

• Reli ilipofika Voi: mwishoni mwa miaka ya 1890
• Vita vya kwanza, mapigano ya Salaita na Taveta: 1914 hadi 1916
• Vita vya pili: 1939 hadi 1945
• Kutengwa kwa Mbuga ya Tsavo: 1948
• Mafuriko makubwa: 1961
• Uhuru: 1963
• Ukame mkubwa: 1984

Mzee akisema alikuwa anachunga mbuzi Tsavo ilipotengwa, mwandishi anajua kwamba alizaliwa karibu na 1940. Simu ya kawaida inaweza kurekodi mazungumzo, mradi mzee ameelezwa na amekubali. Wazee wawili wakitofautiana, yaandikwe maelezo ya wote wawili, na ya kila mmoja kando ya jina lake. Kazi ya kulinganisha itakuja baadaye.

Kumbukumbu zilizopo, na mipaka yake

Vyeti vya kuzaliwa na vya kifo. Wengi huenda ofisi ya usajili wakitarajia kupata cheti cha babu, wakaambiwa hakipo, wakadhani kimepotea. Mara nyingi hakikuwahi kuandikwa. Wakati wa ukoloni usajili wa lazima ulianza na Wazungu mwaka 1904, na Waasia wakafuata 1906. Kwa Waafrika ulianza Nairobi na Nyeri mwaka 1963, ukaenea nchi nzima kufikia 1971. Aliyezaliwa kabla ya hapo atafutwe kwingine.

Vitambulisho. Kipande, kilichoanza kutumika baada ya vita vya kwanza, kiliandikiwa wanaume. Wanawake waliingizwa katika sheria ya vitambulisho mwaka 1978. Ndiyo maana katika familia nyingi karatasi za babu zipo na za nyanya hazipo. Nyanya hutafutwa kupitia watoto wake, ndoa yake na ndugu zake wa kiume.

Madaftari ya dini. Kwa familia nyingi za kaunti hii, hapa ndipo penye jibu. Wamisionari wa Kianglikana walifika Sagalla mwaka 1883, na Wakatoliki wakaanzisha misheni ya Bura mwaka 1892. Daftari la ubatizo huwa na jina la mtoto, wazazi, kijiji, mdhamini na tarehe. Ukoo uliohama hupatikana kwa kufuata daftari la ndoa, kwa kuwa bwana harusi huandikwa na parokia alikotoka. Kwa Waislamu, ndoa na talaka zilizosajiliwa huulizwa kwa Kadhi.

Ardhi. Upimaji wa mashamba uliofanywa chini ya Sheria ya Uamuzi wa Haki za Ardhi ya 1968 uliacha orodha ya wamiliki na ya pingamizi zilizosikizwa. Pingamizi moja yaweza kuwa na maelezo ya nasaba kuliko cheti chochote, maana mlalamikaji alilazimika kueleza shamba lilipita kwa nani hadi kumfikia. Maombi huanzia ofisi ya ardhi, kwa kutumia nambari ya kiwanja.

Gazeti Rasmi la Serikali. Lilianza kuchapishwa mwaka 1899, na matoleo mengi yanasomeka bure kwenye intaneti. Matangazo ya mirathi hutaja marehemu, mahali alipofia, tarehe ya kifo na jina la mwombaji.

Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa. Iko Moi Avenue, Nairobi, na ilianzishwa kwa sheria ya 1965. Mkazi hujisajili kwanza kama msomaji. Majalada ya iliyokuwa wilaya ya Taita yana alama ya DC/TTA, na kwa kawaida nyaraka za serikali hufunguliwa kwa umma zikitimiza miaka 30. Humo mna taarifa za mwaka za wakuu wa wilaya, barua za machifu na kesi za ardhi. Majina yatafutwe kwa maandishi mbalimbali: makarani wa zamani waliandika Taita kuwa "Teita", Sagalla kuwa "Sagala" na Kasigau kuwa "Kasigao". Majina ya watu yaliandikwa kwa jinsi karani alivyoyasikia.

Waliopotea vitani na waliohamishwa

Kaunti hii ina sababu ya pekee ya kuwa na ndugu waliopotea. Wajerumani waliiteka Taveta Agosti 1914, na kwa zaidi ya mwaka mmoja vita vilikuwa kati ya Voi na Kilimanjaro. Mwaka 1915 Waingereza waliwashuku watu wa Kasigau kwamba wamewasaidia Wajerumani, wakawahamisha kwa nguvu hadi Malindi. Wengi walikufa huko, na miaka mingi ikapita kabla ya waliosalia kurejea chini ya mlima wao. Familia ya Kasigau inayokosa tawi moja la ukoo haina budi kuuliza Malindi pia, si Taita peke yake.

Kisha kuna wapagazi wa kikosi cha wabeba mizigo, ambacho jina lake limebaki Kariakor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa maradhi na uchovu. Makaburi ya kijeshi ya Voi, Maktau na Taveta yana mawe yenye majina, lakini jina la mpagazi wa Kiafrika ni nadra kulikuta juu ya jiwe. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba Waafrika wengi waliofia vita hivyo hawakukumbukwa kwa majina kama wenzao. Kwa hiyo familia isiyoona jina la babu yake isikubali kuambiwa kwamba hakwenda vitani.

Waliopigana vita vya pili, wakiwemo waliopelekwa Burma na kikosi cha King's African Rifles, wana nafasi kubwa zaidi ya kupatikana. Orodha ya tume hiyo ya waliofariki husomwa bure kwenye intaneti. Nambari ya askari, ikiwa imebaki kwenye medali au barua ya zamani, ina thamani kuliko jina.

Jinsi ya kuomba msaada

Hufika wakati familia imemaliza yote iliyokuwa nayo, na inabidi kuwauliza watu wengine: katibu wa parokia, mtunza nyaraka, chifu wa eneo la mbali, au kundi la WhatsApp la watu wa kijiji. Maombi mengi hayajibiwi kwa sababu hayajibiki. Mfano ni huu:

"Naomba mwenye habari za familia ya mzee Mwakio anisaidie."

Akina Mwakio ni wengi kupita kiasi. Msomaji hajui ni yupi, wa wapi, wala wa miaka gani. Ombi linalofaa huwa hivi:

"Natafuta watoto au wajukuu wa mzee (majina yote matatu), wa kichuku cha (jina), aliyezaliwa Rukanga, Kasigau, karibu na 1925. Alifanya kazi bandarini Mombasa tangu karibu 1950, akaoa huko, na mara ya mwisho alionekana nyumbani kwenye mazishi ya mama yake mwaka 1968. Dada zake walikuwa wawili. Tumeangalia daftari la ubatizo na tumezungumza na wazee wa Rukanga. Tunachotaka kujua ni kama aliacha familia Mombasa, kwa kuwa shamba la baba yake linataka kugawanywa na hatutaki kumwacha mtu nje."

Ombi la pili lina mambo sita: ni nani, wa wapi, wa lini, nini kinajulikana tayari, wapi pameshatafutwa, na swali moja linaloulizwa. Kueleza sababu pia huwaondolea watu hofu. Wengi hunyamaza wanapoulizwa kuhusu ukoo kwa kudhani kwamba muulizaji amekuja kudai ardhi. Ikiwa kweli ardhi inahusika, isemwe tangu mwanzo. Ukweli unaochelewa huonekana kama hila.

Jibu likija, liandikwe pamoja na jina la aliyelitoa, na shukrani zitolewe hata kama halikusaidia. Aliyesaidia aambiwe pia mwisho wa safari ulikuwa nini.

Tahadhari

Picha za vitambulisho, hatimiliki na vyeti zisitumwe kwenye makundi ya simu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inalinda habari za watu walio hai, na zisitangazwe bila idhini yao. Anayedai kwamba ameona jina lakini anataka pesa kwanza ili alitoe, aepukwe. Ada halali za serikali hulipwa kwa njia rasmi na hutolewa risiti.

Utafutaji pia huweza kufichua yasiyotarajiwa: mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, mke wa pili, ugomvi wa ndugu uliofichwa. Familia ikubaliane mapema jambo la aina hiyo litaelezwa nani na kwa namna gani. Mtu huyo aliyefichuliwa hakuchagua kufichwa, na huenda sheria inamtambua kuwa mrithi.

La kufanya mwezi huu

1. Chagua mzee mmoja katika familia, mwenye umri mkubwa kuliko wote, na umtembelee ukiwa na daftari.
2. Andika vizazi vitatu: majina yote, vijiji, makaburi na watoto wote, wa kike wakiwemo.
3. Tafuta karatasi zilizoko nyumbani: kadi za ubatizo, vitambulisho vya zamani, medali, barua, risiti za shamba.
4. Tengeneza nakala, na umpe ndugu mwingine azitunze kwake.
5. Sajili vizazi na vifo vya sasa bila kuchelewa, ili wajukuu wasiwe na kazi hii tena.

Karatasi za Nairobi zimengoja miaka 100 na zitangoja zaidi. Mzee wa miaka 90 hawezi kungoja. Yeye ndiye wa kuanzia.