Kikao cha Wiki ya Mbalamwezi

Meli ya Nansio imetia nanga Mwanza, lakini mama aliyetoka Ukerewe na kijana wake bado ana kilima cha Bugando cha kupanda. Ni mfano tu, ingawa kila anayehudumia wagonjwa wa akili Kanda ya Ziwa anamfahamu mama huyu. Ndani ya hospitali iliyo juu yake ataulizwa kama kijana analala na kama anameza dawa. Swali lake mwenyewe atarudi nalo nyumbani: nifanyeje akiamka saa nane usiku akidai nimemtilia sumu kwenye ugali?

Aliye na jibu huenda amekaa nje kwenye benchi, mama wa Igogo ambaye mambo hayo yalishamkuta. Usimbishie, atamwambia, wala usikubali. Mwambie, naona umeogopa, mwanangu, kisha kaa naye.

Mwishoni mwa miaka ya 1950, mtafiti George Brown wa London aliwafuatilia wanaume waliotoka hospitali baada ya kuugua skizofrenia kwa muda mrefu. Waliorudi kwa wazazi au wake zao walizidiwa tena zaidi kuliko waliokwenda kupanga vyumba. Tafiti zilizofuata zilionyesha sababu: lawama za kila siku, uhasama, na kumchunga mtu mzima kama mtoto mchanga. Kwetu lawama hizo husikika hivi: “Wenzako wako mwaloni Kirumba wanabeba dagaa, wewe umelala tu!” Kumbe kulala huko, na kutotaka hata kuoga, mara nyingi ni ugonjwa wenyewe, au dawa inamlevya.

Wazazi hao si wabaya. Wamechoka, na siri ndiyo inayowachosha zaidi: jirani asijue, wakwe wasisikie, ng'ombe wauzwe kimyakimya kwenda kwa mganga. (Sina ugomvi na aliyeanzia kwa mganga. Ugomvi wangu ni na sindano ya dawa ya kila mwezi iliyoachwa.)

Watu hudhani kikundi cha familia ni mahali pa kulia pamoja. Kulia kupo, lakini dawa haiko hapo. Kwa utaratibu wa vikundi alioukuza daktari William McFarlane wa Marekani, kikao hushughulikia tatizo moja la kaya moja. Wote hutoa mawazo, kaya yenyewe huchagua moja, huenda kulijaribu, na kikao kijacho huleta majibu. Mwanachama wa kikoba ataufahamu mara moja: leo zamu yako, kesho yangu. Mapitio ya tafiti 25 yaliyochapishwa 2001 yalikuta kwamba ndugu wakishirikishwa katika matibabu, kuugua tena hupungua kwa takriban asilimia 20.

Hapa nchini, mradi wa KUPAA, yaani Kuwezeshana Kupata Uzima, uliwakalisha wagonjwa na ndugu zao pamoja Dar es Salaam na Mbeya. Mwambao wa Ziwa hauhitaji kuunakili ulivyo. Nauli ya meli kwa kila kikao haiwezekani, hivyo kikao kikae zahanati ya kisiwani na muuguzi akiongoze.

Tena tarehe yake ipangwe kwa mwezi wa angani. Dagaa huvuliwa kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka taa haziwavuti, kwa hiyo wavuvi wengi hupumzika nchi kavu. Nje ya wiki hiyo watakuja akina mama peke yao, na baba aliyesema “umelala tu” atakuwa majini.